Tatu za Kawaida, Moja Mpya

Kila mwisho wa mwezi nanunua bia nne: Tusker tatu na moja nisiyoijua. Tusker ni ya baba. Alipenda kunisimulia kwamba jina lilitokana na tembo aliyemuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, mwaka 1923. Aliinywa moto, yaani haijaguswa na friji, na wahudumu hawakuhitaji kumwuliza.

Ya nne hutoka kwenye viwanda vidogo vya hapa Nairobi. Nimeonja IPA, chungu kwa wingi wa maua ya hopsi, na stauti nyeusi inayonukia kahawa ingawa ni shayiri tu iliyokaangwa sana. Moja niliimwaga kwenye sinki.

Stauti hiyo nilimpelekea baba. Alipiga funda moja, akakunja uso. "Hii ni dawa," akasema, kisha akaimaliza.

Ziara iliyofuata aliuliza, "Ile dawa yako iko wapi?"

Sikuwa nimeibeba. Nilidhani hakuipenda. Mwezi uliofuata tulimzika.

Siku hizi stauti imeingia kwenye zile za kawaida. Siiweki kwenye friji.