Shubiri Moja ya Mchanga

Mtu aliyezaliwa pwani hulijua tumbawe kwanza kama jiwe. Nyumba za kale za Lamu na Mombasa zilijengwa kwa mawe yake, na chokaa iliyoshikamanisha kuta hizo ilitokana na mawe hayo hayo yaliyochomwa. Kwa hiyo, msomaji, usinidhanie mzushi nikikuambia kwamba tumbawe ni mnyama, tena mnyama mwenye kinywa, tumbo na mikono. Na kwamba baadhi ya jamaa zake hawajengi mwamba wo wote. Hao huitwa matumbawe laini. Nataka kukusimulia habari zao, kwa kuwa kwa muda wa miaka minne nilishindana nao sebuleni mwangu.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi katika mji wa Bristol, Uingereza. Jirani yangu, mzee mstaafu, alikuwa na hodhi la kioo la lita 300 alimofuga viumbe wa bahari za joto. Maji ya hodhi hilo hayakuchotwa baharini. Aliyatengeneza mwenyewe kwa kuyeyusha chumvi maalumu, gramu 35 kwa kila lita, akayapasha moto hata nyuzi 25, akayamulika kwa taa kali na kuyaendesha kwa pampu mfano wa mkondo. Alipokuwa akihamia kwa binti yake aliniomba nilichukue. Katikati yake palikuwa na tumbawe gumu la mviringo, lenye mifereji kama ubongo, ukubwa wake kama chungwa. Alilinunua likiwa dogo kama kifungo cha koti, akalilea miaka 12.

“Mengine yafanye upendavyo,” aliniambia, “lakini hili nitunzie.”

Mengine hayo ndiyo yaliyokuwa shida. Upande wa kushoto, jiwe zima lilikuwa limetandazwa zulia la zambarau, na juu yake zilichomoza nyuzi za kijani kibichi kama mpunga uliochipua jana. Upande wa kulia palisimama kichaka cheupe kiitwacho na wataalamu Xenia. Kila ncha ya tawi lake ilikuwa na kiganja cha vidole vinane, kikifumba na kufumbua mchana na usiku. Wageni wangu waliingia sebuleni wakasahau chai yao kwa kukitazama. Sikuwalaumu, maana ni kiumbe mzuri kupita kiasi. Lakini zulia lilikuwa limekwisha kuupanda ukingo wa lile tumbawe la mzee, na pale lilipopanda nyama ilikuwa imekufa, mfupa mweupe umebaki wazi kwa upana wa vidole viwili.

Labda utauliza, kwa nini viumbe hawa wasitawi hivi ndani ya kioo, ilhali baharini huishi na wenzao kwa miaka isiyo na idadi? Ndani ya nyama zao mna viumbe vidogo vya rangi ya kahawia vinavyotengeneza chakula kwa nuru, na kumgawia mwenyeji wao. Hata kule kufumba na kufumbua si mchezo. Mwaka 2013 wataalamu wa Israeli waliomchunguza jamaa ya karibu ya Xenia katika Bahari ya Shamu walionyesha kwamba mwendo ule hufukuza maji yaliyojaa oksijeni, na hivyo kazi ya kutengeneza chakula huongezeka. Sasa mpe kiumbe wa namna hiyo taa isiyofunikwa na wingu, na makombo ya samaki yaliyogeuka mbolea majini. Mwondolee konokono wasio na gamba na samaki wapendao kumla, na mawimbi yanayomng'oa. Utakuwa umempa shamba lisilo na nyani. Mwenye kulaumu ukuaji wake na aitazame kwanza mikono yake imlishayo.

Usidhani, lakini, kwamba tumbawe gumu ni mnyonge asiye na silaha. Mwaka 1973 Bibi Judith Lang, aliyeyachunguza matumbawe ya Jamaika, aliandika jinsi yanavyotoa nyuzi za matumboni mwao na kummeng'enya jirani aliyesogea mno. Mengine hunyosha mikono mirefu usiku na kuchoma. Nililiona la mzee likifanya hivyo taa zilipozimwa, nami moyoni nikalishangilia. Ila mwenye kujenga nyumba ya mawe hukua polepole, na mwenye kutandika zulia hukimbia. Hodhini mwangu zulia lilisogea upana wa kidole kila mwezi. Vita vya namna hiyo mwenye kasi huvishinda, hata akichomwa.

Nilipunguza chakula cha samaki, nikabadili lita 30 za maji kila juma. Kasi ilipungua, ukuaji haukukoma. Wala sikuthubutu kuyakausha maji yawe matupu kabisa, kwani njaa ingeliua tumbawe gumu pamoja na adui yake. Kilichonifaa zaidi ni mpaka. Zulia lile hutambaa juu ya jiwe; mchanga mtupu ulegeao haulipi mahali pa kushika. Basi nililihamisha tumbawe la mzee na kuliweka juu ya jiwe la peke yake, kama kisiwa, na kulizungushia mchanga wa upana wa shubiri moja. Upungufu wa vidole vichache hautoshi, kwa sababu Xenia huweza kuinama, kugusa jiwe la pili, kulishika, kisha kuliachia la kwanza, mfano wa mtu avukaye mtaro. Vioo navyo vyataka kuangaliwa, maana zulia huvipanda.

Yaliyokwisha kuenea yalihitaji mikono. Nililitoa jiwe na kulitia katika ndoo yenye maji yale yale ya hodhi, nikalichuna zulia kama mtu achunavyo ngozi ya mbuzi, polepole, lisikatike. Kisha nikasugua mashimo kwa mswaki mgumu. Kazi hii haifai kufanywa ndani ya hodhi. Kila kipande kinachochukuliwa na mkondo ni mbegu, na atakayekatakata kwa hasira atavuna mara kumi.

Hapa nakusihi uwe na hadhari. Wako viumbe wengine wa mazulia, wenye umbo la vifungo vya rangi, waitwao Palythoa. Si matumbawe hasa, ila ni jamaa zao. Sumu iliyopatikana kwa mmoja wao huko Hawaii, ambayo Moore na Scheuer waliieleza mwaka 1971, ni miongoni mwa sumu kali kabisa za viumbe zijulikanazo. Mwaka 2018, karibu na Oxford, watu wa nyumba moja walipelekwa hospitali baada ya matumbawe ya hodhi lao kusafishwa. Mtu asichemshe jiwe lenye viumbe hao, wala asilisugue kwa brashi kavu. Avae glavu na miwani, na kama hawajui vizuri, awaache.

Zulia nililolichuna nililizamisha usiku kucha katika maji ya bomba yenye dawa ya kung'arishia nguo, ndipo nikalitupa takani. Jirani mmoja alinicheka, akaniuliza kwa nini nisimwage ndoo mtoni tu. Kwa kweli maji ya Bristol yangeliua kwa baridi. Lakini mimi nilikuwa nikiifikiria Mombasa, ambako maji ni ya moto mwaka mzima. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba tumbawe laini la jamaa ya Xenia, mgeni kutoka bahari za mashariki, limeenea pwani ya mashariki ya Venezuela na kuyafunika matumbawe ya huko. Nalo ladhaniwa kuwa lilifika kwa njia ya biashara ya mahodhi. Waswahili humpa mgeni jembe siku ya tatu. Mgeni huyu hashiki jembe, naye akishakaa baharini hakuna ndoo ya kumtolea. Kwa ajili hiyo nilirudia desturi ile ya dawa hata kwa kipande kilicho kidogo kama ukucha, nikachekwa tena.

Mwaka wa pili nyama ya tumbawe la mzee ilianza kurudi juu ya mfupa ulio wazi, ikitambaa kutoka ndani kwenda ukingoni, rangi ya kahawia yenye kijani katikati ya mifereji. Sehemu ndogo, iliyokuwa imekwisha kushikwa na mwani, haikurudi. Nilipoondoka Uingereza hodhi lilikwenda katika shule ya jirani, pamoja na ndoo, mswaki, na kijiti nilichokikata kwa urefu wa shubiri cha kupimia mchanga.