Mzigo wa Mwenzio

Neno 'uzito' katika Kiswahili limebeba mengi. Mwenye cheo huitwa mtu mzito. Mama anayetarajia mtoto ni mja mzito. Habari ya msiba nayo ni habari nzito. Wepesi kadhalika una sura mbili, kwani mwepesi wa kujifunza husifiwa ilhali mwepesi wa hasira hukwepwa. Haya tumeyazoea darasani. Mimi nilikuja kuyatafakari kwa makini zaidi katika karakana moja ya pikipiki mjini Nakuru.

Mjomba wangu ni mhandisi mstaafu. Ana pikipiki kubwa ya Kijapani, ya aina ile iliyoundwa kwa kuufuata mtindo wa Harley-Davidson za Marekani: kiti cha chini, usukani mpana, na injini ya silinda mbili yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,100. Tulipoipima kwa mizani ya duka la nafaka, gurudumu la mbele kwanza kisha la nyuma, jumla ilikuwa kilo 302. Pikipiki za bodaboda tunazopishana nazo kila siku hazifiki nusu ya uzani huo. Mwaka 2022 mjomba alifanyiwa upasuaji wa goti, na tangu hapo kila aliposimama penye mteremko alihofia kwamba mashine ingemlalia. Wanawe walimshauri aiuze. Yeye aliamua kuipunguza uzito, akaniita nimsaidie wakati wa likizo.

Zoezi lenyewe si geni. Nchini Marekani, hasa baada ya Vita Vikuu vya Pili kukoma mwaka 1945, vijana wengi waliotoka jeshini walivua madigadi ya mbele ya pikipiki zao, wakakata ya nyuma, na kutupa kila chuma walichokiona kuwa cha ziada. Wao walitafuta kasi. Mjomba alitaka tu kusimama kwa miguu yake miwili bila hofu.

Aliandika orodha, nasi tukaifuata. Mikoba ya ngozi pamoja na vyuma vyake ilikuwa kilo 9. Kioo cha kukinga upepo kilikuwa kilo 4. Mabomba mawili mazito ya moshi yalipisha moja la chuma cha pua chembamba, tukaokoa kilo 7; ila ilibidi kabureta irekebishwe upya, kwa kuwa bomba jepesi liliibadilisha pumzi ya injini. Betri ya risasi ya kilo 6 ilipisha ya lithiamu ya kilo moja na nusu. Kabla ya kuifunga, fundi aliupima kwanza mfumo wa chaji, kwa sababu betri ya namna hiyo haistahimili chaji ya kupita kiasi. Rimu za chuma zilibadilishwa zikawa za aluminiamu, zikatupunguzia kilo 3 na nusu.

Hapo ndipo nilipofunzwa kwamba kilo hazilingani. Kilo iliyo ukingoni mwa gurudumu husonga mbele na kuzunguka kwa wakati mmoja, hivyo kuiongezea kasi huhitaji karibu nguvu maradufu ya kilo iliyotulia kwenye fremu. Kilo iliyo juu, mathalani kwenye kioo, huielemeza mashine kuliko ile iliyo chini karibu na ardhi. Kwa ajili hiyo fundi alikataa katakata kuondoa vyuma vinavyoikinga injini pande zote mbili, ingawa vilikuwa kilo 7. "Hivi viko chini, na siku ya kuanguka ndivyo vitakavyouokoa mguu," alisema. Alikataa pia kuitoboa fremu na kugusa breki. Aluminiamu nayo haikuwa dawa ya kila kitu: kwa ujazo uleule, uzani wake ni kama theluthi moja ya uzani wa chuma, lakini hupinda kwa urahisi zaidi, na kwa hiyo kipande chake hulazimika kuwa kinene.

Kilichobaki kwenye orodha kilikuwa kiti cha abiria pamoja na egemeo lake, kilo 6. Kilikuwa nyuma na juu, penye madhara hasa. Tukakifungua, mizani ikatupa kilo 268, na vijana wa karakana wakapiga makofi. Jioni ile mkaza mjomba alikuja kutuletea chai. Aliizunguka mashine mara moja, akaweka birika chini.

"Mzee, hizo kilo sita ni mimi," alisema.

Hakuongeza neno. Kwa miaka mingi alikuwa amepanda nyuma ya mumewe kila Jumapili hadi Naivasha, na hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mzigo wa mwenzio, walinena wahenga, ni kanda la usufi. Kwa waliokuwa wakisoma mizani, kiti kile kilikuwa tarakimu. Kwake kilikuwa ni nafasi yake katika safari ya ndoa yao, na sasa kilikuwa kimelala sakafuni kando ya betri kuukuu.

Asubuhi iliyofuata mjomba alikirudisha mwenyewe, kwa mikono yake. Kisha akamwomba fundi apunguze sponji ya kiti cha mbele kwa sentimita 3. Kazi hiyo ilikuwa ya bei ndogo kuliko zote, na haikupunguza uzani wa kutajika. Lakini alipokaa, nyayo zake zote mbili zililala bapa chini, na kwa mara ya kwanza tangu upasuaji nilimwona akiiyumbisha mashine kushoto na kulia huku anacheka.

Leo pikipiki ile ina kilo 274. Tumepunguza kilo 28, takriban asilimia 9 tu, na mtu akiitazama kwa mbali hatatambua kilichotoka isipokuwa kioo na mikoba. Wanawe bado hawajaridhika, nao wana haki ya kuhofu. Mkaza mjomba amenunua kofia mpya ya kujikinga.

Nasi tunaoishi kwa kupunguza na kuongeza, iwe ni vyuma, iwe ni maneno, tuna la kujifunza hapo. Mizani hutuambia kitu kina uzani gani. Kinamfaa nani, hilo ni sharti tumwulize mwenyewe kabla hatujashika spana.