"Sijui" na "Marufuku": Somo Tulilolipata Mbuchi

Mwishoni mwa mwaka 2021 tulikwenda Mbuchi, katika delta ya Mto Rufiji, kusimamia mazoezi ya kufundisha. Tulichukua kompyuta yenye programu ya hesabu. Usiku wa kuamkia safari tulikuwa tumeiunda upya kwa maktaba mpya za programu, pasipo kuijaribu. Mbele ya Darasa la Tano programu ilikataa kuanza. Watoto walitutazama kimya, nasi tuliona haya.

Baadaye tulitambua chanzo. Programu hupeleka maombi yake kwa maktaba, nayo maktaba hukipigia miito kiini cha mfumo wa kompyuta. Mwaka 2019 kiini cha Linux, toleo la 5.3, kilipata mwito mpya uitwao clone3, wa kuanzishia kazi mpya. Agosti 2021 maktaba ya glibc, toleo la 2.34, ikaanza kuutanguliza mbele ya ule wa zamani. Waundaji walichukua tahadhari: kiini kikongwe kikijibu, "Siujui mwito huo," maktaba huurudia ule wa zamani, na kazi huendelea. Lakini programu yetu ilikaa ndani ya kasha lenye mlinzi, ambaye orodha yake iliandikwa bila mwito ule mpya. Kila asichokijua alikijibu, "Marufuku." Maktaba ikatii, isijaribu njia nyingine. Dawa ilikuwa ndogo: walinzi wa matoleo yaliyofuata waliagizwa kujibu, "Siujui."

Siku ile mwanachuo wetu aliendelea kwa ubao na chaki. Alimwuliza mtoto mmoja robo tatu ya 20. "Sijui, mwalimu." Mwanachuo akataka kumkaripia. Tulimwomba aulize kwa njia aliyoizoea mtoto: pishi 20 za mpunga zigawanywe mafungu manne sawa, yachukuliwe matatu. Mtoto akafikiri, akajibu, "Kumi na tano."

Ndugu wanachuo, mbinu mpya ni njema, na hatusemi muiache. Ijaribuni kwanza mahali itakapotumika, na ile ya zamani iwe karibu. Zaidi ya hayo, msimwadhibu mtoto kwa kusema "Sijui". Neno hilo humwonyesha mwalimu pa kurudi. Darasa ambalo neno hilo ni marufuku hubaki kimya, kama kompyuta yetu ilivyobaki kimya mbele ya watoto wa Mbuchi.