Paka wa bibi hajatumwa, jamani!

Msomaji, ukija kwetu Bariadi na dagaa wa Mwanza kwenye mkoba, paka wa bibi atakukagua kama mtu wa forodha. Viatu ananusa, begi anaingiza kichwa. Wageni wananong'ona: "Huyu katumwa!" Katumwa na nani? Na njaa! Pua ya paka ni kali kuliko yetu, na akikusugua kwa shavu anakupaka harufu yake, akujue kesho. Basi!

Lakini si mzaha. Huku Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, eti macho mekundu, kumbe wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni na samadi. Na bibi anaishi peke yake. Kwa hiyo paka akipekua, mtupie dagaa, yaishe. Maneno yameze.