Kitanda Kinapotikisika

Sisi tukaao Goma twaujua mlima wetu Nyiragongo. Tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste, ulipasuka, na mto wa moto ukashuka hadi karibu na kiwanja cha ndege. Nchi iliendelea kutetemeka siku nyingi, hata tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Tukashika njia ya Sake kwa miguu, kilometa zaidi ya 20.

Njiani tulimkuta mama mmoja, mtoto mgongoni, jiwe limemkata unyayo. Hakuwa na habari mpaka tulipomwonyesha damu. Tukampa maji. “Sisikii kiu, mwalimu,” akasema, na jua limekwisha pinduka! Maana hofu ikimshika mtu, matezi madogo yaliyo juu ya mafigo humwaga nguvu yake katika damu: moyo huenda mbio, damu hupelekwa miguuni, tumbo huambiwa lingoje. Mwili wazidi kusema, lakini akili yote iko kwenye hatari. Basi kule Sake hatukuuliza nani ana kiu. Kila mtu alipewa kikombe, akanywa mbele yetu, na wanaonyonyesha walitangulia.

Tuliporudi mwezi wa Juni, mambo yaligeuka. Wale wasiosikia kitu sasa walisikia kupita kiasi. Mtu amelala usiku, mara kitanda chatikisika! Atoka mbio, kumbe jirani zake wanakoroma. Kilichotikisika ni moyo wake mwenyewe. Wajapani, waliozoea matetemeko, huliita jambo hili ulevi wa tetemeko. Si wazimu, wala si pepo, kama wengine walivyonong’ona.

Sisi tuliweka bakuli la maji mezani, penye taa. Uso wa maji ukitulia, nchi imetulia. Basi mtu akae, ashike kifundo cha mkono, ahesabu mapigo, atoe pumzi polepole. Lakini kifua kikibana na maumivu kushuka mkononi, hilo si la bakuli: zahanati upesi.

Januari 2025, vita vilipoingia mjini, bakuli halikufaa kitu, maana mabomu yaliyatikisa maji kweli. Tukaishika tena desturi ya Sake. Bomba lilikuwa limekauka. Tulichota ziwani, tukachemsha, na kila baada ya muda kikombe kilipita nyumbani, kiu iwepo isiwepo.