Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Kwao Eusébio Ni Wapi?

Wahenga wetu walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tulifundishwa tangu shule ya msingi, nasi huitia katika insha zetu bila ya kuipima uzito wake. Mimi imenisumbua mwaka huu. Sababu ya kunisumbua ni mtu mmoja ambaye sikupata kumwona, aliyecheza ugenini, akatunzwa ugenini, akafa na kuzikwa ugenini, na hata hivyo wazee wa kijijini kwetu walimlilia kama mtu wa kwao. Mtu huyo ni Eusébio.

Najua kwamba wengi wa rika langu, wanaozijua kwa moyo timu zote za Ulaya za leo, hawamjui. Kwa hiyo nitaanza na habari zake.

Eusébio da Silva Ferreira alizaliwa tarehe 25 Januari 1942 katika mtaa wa Mafalala, mjini Lourenço Marques, mji ambao leo huitwa Maputo, nao ni mji mkuu wa Msumbiji. Mafalala ulikuwa mtaa wa watu maskini, wenye nyumba za mbao na mabati. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli aliyetoka Angola, naye alifariki Eusébio akiwa bado mtoto mdogo. Mama akabaki na mzigo wa kulea. Mpira wa watoto wa mtaa ule ulikuwa soksi iliyoshindiliwa magazeti. Sisi tuliokua tukicheza chandimu kwa mpira wa makaratasi na kamba hatuhitaji kuelezwa mpira wa namna hiyo ukoje.

Mwezi wa Desemba 1960, akiwa na umri wa miaka 18, alisafiri kwenda Lisbon kujiunga na klabu ya Benfica. Inasimuliwa kwamba alibeba barua ya mama yake kwa Mário Coluna, naye pia mzaliwa wa Msumbiji, aliyekuwa ametangulia katika klabu ile. Mama aliomba kwamba Coluna amwangalie mwanawe. Coluna akamwangalia kweli, na Eusébio alimwita “Bwana Coluna” kwa heshima hata alipokuwa yeye mwenyewe mashuhuri kuliko wote.

Umashuhuri huo haukukawia. Mwaka 1962, katika fainali ya Kombe la Ulaya iliyochezwa Amsterdam, Benfica waliishinda Real Madrid mabao 5 kwa 3, na mabao mawili ya mwisho yalifungwa na kijana huyu wa miaka 20. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Ulaya. Aliisaidia Benfica kuchukua ubingwa wa Ureno mara 11, na katika mechi 64 za timu ya taifa ya Ureno alifunga mabao 41. Watu walimwita Chui Mweusi.

Lakini jina lake lilienea duniani kote mwaka 1966, katika Kombe la Dunia lililofanyika Uingereza. Hapa yafaa msomaji akumbuke jambo moja. Nchi za Afrika zilijitoa katika mashindano yale kwa kuwa bara zima halikupewa hata nafasi moja ya uhakika. Kwa hiyo hapakuwa na timu hata moja ya Afrika. Waafrika waliotaka kumwona mtu wa kwao uwanjani iliwabidi watazame ndani ya jezi ya Ureno, kwani humo walikuwamo wazaliwa wanne wa Msumbiji: Eusébio, Coluna aliyekuwa kapteni, Hilário na Vicente.

Tarehe 23 Julai 1966, mjini Liverpool, Ureno ilipambana na Korea ya Kaskazini. Dakika 25 tu zilipopita, Wakorea walikuwa wamekwisha funga mabao matatu. Timu nyingi hapo huvunjika moyo. Eusébio alifunga la kwanza, akauokota mpira wavuni mwenyewe na kuukimbiza katikati ya uwanja ili mchezo uendelee. Akafunga la pili, la tatu na la nne. Ureno ikashinda 5 kwa 3. Siku tatu baadaye, Wembley, walifungwa na Uingereza 2 kwa 1, na Eusébio alitoka uwanjani analia. Ureno ilishika nafasi ya tatu, na yeye akawa mfungaji bora kwa mabao 9.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nalipenda kuliko mabao yake. Mwaka 1968 Benfica walicheza fainali ya Ulaya na Manchester United. Zikiwa zimebaki dakika chache, timu zikiwa sare 1 kwa 1, Eusébio alipenya peke yake akapiga mkwaju mkali. Golikipa Alex Stepney akaudaka. Mchezaji mwingine angeshika kichwa au kupiga teke hewa. Eusébio alisimama akampigia makofi golikipa. Benfica walifungwa 4 kwa 1 katika muda wa nyongeza, lakini makofi yale yanakumbukwa hadi leo.

Alifariki Lisbon tarehe 5 Januari 2014, zikiwa zimebaki siku 20 atimize miaka 72. Serikali ya Ureno ilitangaza siku tatu za maombolezo. Sanamu yake iliyo nje ya uwanja wa Benfica ilifunikwa kwa maua na skafu, nyingine za klabu ambazo zamani alizifunga bila huruma. Jeneza lake lilizungushwa uwanjani ili wapenzi wake wamuage. Juma lililofuata Benfica walicheza na Porto, na kila mchezaji wa Benfica alivaa jezi yenye jina Eusébio mgongoni. Wakashinda 2 kwa 0. Mwezi wa Julai 2015 mwili wake ulihamishiwa katika jengo la heshima ambamo Ureno huwazika watu wake wakuu, naye akawa mwanasoka wa kwanza kulazwa humo.

Hayo ni ya Ureno. Sasa nije kwetu.

Kwetu ni Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo ukisimama ukingoni unaliona bonde la mto Ruvuma, na ng’ambo ya mto ni Msumbiji. Babu yangu alizaliwa ng’ambo ile, upande wa Mueda. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika pale Mueda kudai haki yao mbele ya wakubwa wa Kireno, na wakapigwa risasi. Babu alikuwa mtoto wa miaka kumi. Baadaye ukoo wao ulivuka mto, ukapokewa Tanganyika. Msomaji ahesabu mwenyewe: kutoka siku ile ya Mueda hadi Eusébio alipokwenda Lisbon ni miezi sita tu.

Likizo iliyopita nilikuwa nikimsomea babu daftari langu la historia, mahali panapoeleza jinsi FRELIMO ilivyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na jinsi vita vya ukombozi vilivyoanza tarehe 25 Septemba 1964. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Mjukuu wangu, na Eusébio hamkuandikiwa humo?” Nilicheka, nikidhani anafanya utani. Hakuwa akifanya utani. Ndipo aliponisimulia habari hii.

Mwaka 1966 Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na redio pale walipoishi ilikuwa moja, ya mwenye duka. Vijana walikusanyika jioni kusikiliza habari. Iliposomwa kwamba Ureno imeshinda na Eusébio amefunga manne, wote walipiga kelele za furaha. Katika watu waliokuwapo alikuwamo kaka yake babu, mpiganaji wa FRELIMO, aliyekuwa amevuka kuja kuuguza mguu. Akauliza kwa sauti kali, “Ninyi mnamshangilia Mreno?”

Watu wakanyamaza. Mwenye duka akapunguza sauti ya redio. Kisha kijana mmoja akajibu, “Kaka, Mreno hatumshangilii. Tunamshangilia mtoto wa Lourenço Marques.”

Kaka yake babu alikaa kimya kitambo, ameegemea fimbo yake. Mwisho akauliza, “Kafunga manne, yeye mmoja?”

“Yeye mmoja.”

Akacheka. Akasema kwamba laiti kijana yule angelenga kwa bunduki kama anavyolenga kwa mguu, vita vingekwisha kabla ya mvua za mwaka ule. Mwaka uliofuata alivuka tena Ruvuma, wala hakurudi.

Babu alimpenda Eusébio kwa sikio tu kwa miaka 48. Mara ya kwanza kumwona akikimbia ilikuwa Januari 2014, katika kibanda cha televisheni pale sokoni, walipoonyesha michezo yake ya zamani pamoja na jeneza likizungushwa uwanjani. Mimi nilikuwa sijaanza darasa la kwanza, sikumbuki kitu. Lakini babu anasema kwamba jioni ile barazani palizuka mzozo mkubwa, wazee wakibangua korosho huku wakibishana. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alisema waziwazi, “Mnamlilia mtu aliyewapa sifa watu waliotuua. Walimtembeza duniani kuonyesha kwamba makoloni yao yana raha.”

Babu akamjibu, “Mwalimu, mwaka 1966 Msumbiji haikuwa na bendera. Ungetaka avae jezi gani?”

Mwalimu akasema, “Vema. Lakini mwaka 1975 bendera ilikuwapo. Coluna alirudi akauongoza mpira wa nchi yake. Huyu mwingine mbona hakurudi?”

Babu hakuwa na jibu. Nami nampenda zaidi kwa kuwa, alipokuwa akinisimulia, hakujitungia jibu.

Tangu siku hiyo nimeyapima maneno ya wazee hawa wawili, na naona kila mmoja alishika ukweli. Ni kweli kwamba watawala wa Ureno walilitumia jina la Eusébio. Mtu mweusi akishangiliwa Lisbon, walimwengu waliweza kuambiwa kwamba Msumbiji ni sehemu ya Ureno na kwamba huko hakuna ubaguzi, ilhali vijiji vya Mueda vilikuwa vitani. Asiyelisema hilo anaificha historia. Lakini ni kweli pia kwamba mtoto wa Mafalala hakuichagua serikali iliyomtawala, kama vile babu yangu hakuichagua. Alichokuwa nacho kilikuwa miguu yake, na miguu hiyo aliifanyia kazi ya haki mbele ya watu wote. Na wale vijana wa dukani waliposhangilia, hapakuwa na Mreno aliyewalazimisha. Walijitwalia mtu wao kwa masikio yao wenyewe, kutoka ndani ya redio, bila kumwomba ruhusa mtawala.

Basi nikirudi kwenye methali, nadhani wahenga hawakukosea, ila sisi tumelifanya dogo neno “kwao”. Kwao Eusébio palikuwa Mafalala alikozaliwa. Palikuwa Lisbon alikoishi na kuzeeka, na Wareno waliomlilia siku zile hawakuwa wakiigiza. Palikuwa pia dukani kwa yule mwenye redio, mahali ambapo yeye hakupata kupajua. Kote huko alitunzwa, kila mahali kwa namna yake. Ureno ilimpa kaburi la heshima. Kwetu tulimpa ugomvi wa baraza uliodumu mpaka usiku, na mtu asiyekuwa wa kwenu huwezi kumgombania namna hiyo.

Wenzangu wa shule hii, tunasoma historia ili tufaulu mtihani, na ni vema tufaulu. Lakini wazee wetu wanazo kurasa ambazo vitabu havina, nao wanapungua kila mwaka. Likizo ijayo mwulize babu au bibi yako ni mchezaji gani aliyempenda, na kwa nini. Usicheke kabla hajamaliza. Huenda ukaanza na mpira ukamaliza na vita, kama ilivyonitokea mimi.

Nimalize na jambo aliloniambia babu tulipokuwa tukiagana. Mário Coluna alifariki Maputo tarehe 25 Februari 2014, majuma saba tu baada ya yule aliyeletewa na barua. “Mmoja amelala kule, mmoja amelala huku,” babu alisema. “Lakini pasi zao zilifika.” Mungu awalaze pema wote wawili, pamoja na yule wa tatu, mwenye fimbo, ambaye kaburi lake hatulijui.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne