Kichwa Kiko Wapi? Kuzalia Nyumbani Uingereza na Koboko

Tangu nihamie Uingereza, akina dada wa Arua, Uganda, huniuliza: kweli Wazungu nao huzalia nyumbani? Huzalia, ila ni wachache, kama wawili katika kila mia. Wakunga wa serikali huwafuata na mabegi yao, bila malipo. Hata mama ambaye mtoto wake ametanguliza matako ana haki ya kukataa hospitali. Atashauriwa sana aende, lakini hakuna wa kumlazimisha.

Usidhani basi kwamba yuko sawa na mama wa kijijini Koboko aliyelala kwenye mkeka wake. Huyu wa Uingereza alijua habari ya mtoto wake mapema. Ikifika kama wiki ya 36, mkunga hupapasa tumbo. Akiwa na shaka, mama hupigwa picha ya ultrasaundi. Mtoto akikutwa ametanguliza matako, daktari hujaribu kumgeuza kwa kusukuma tumbo kwa nje, na karibu nusu yao hugeuka. Asipogeuka, mama huelezwa habari za upasuaji na za kuzaa kwa njia ya kawaida. Aking'ang'ania nyumbani, huandaliwa mpango: wakunga watakaokuja, hospitali itakayompokea, na wakati wa kuita ambulansi.

Kwetu, mara nyingi habari hujulikana matako yanapochungulia. Na si kwa kukosa mashine. Mkunga wa kituo cha afya huweka ile pembe yake ndogo tumboni na kuinamisha sikio: mapigo ya moyo yakisikika juu ya kitovu badala ya chini, anashtuka. Akibonyeza chini ya mbavu akakuta kitu kigumu, cha mviringo, kinachodunda kikisukumwa, hicho ni kichwa. Lakini atampapasa nani, ikiwa mama alihudhuria kliniki mara moja mbili, kisha nauli ya boda na kazi za shamba zikamshinda?

Na uchungu ukishaanza, kinachohitajika ni mikono inayojua kutulia. Mtoto wa matako havutwi. Ukimvuta, mikono yake hupanda kando ya kichwa, kidevu hunyanyuka, na kichwa hukwama huku kamba ya kitovu imebanwa. Mkunga mzoefu huacha mwili ushuke wenyewe kwa nguvu za mama, akingoja mpaka kisogo kionekane, ndipo asaidie kichwa kutoka kikiwa kimeinama. Mguu ukitangulia, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kamba ya kitovu inaweza kuponyoka kabla ya mtoto.

Ujuzi huo umepungua Ulaya. Mwaka 2000 utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 26 ulionyesha kuwa upasuaji uliopangwa huwapunguzia watoto hawa hatari, na hospitali nyingi zikaacha kuwazalisha kwa njia ya kawaida. Madaktari na wakunga vijana wakakosa pa kujifunzia. Wengine waliupinga utafiti ule, na leo wapo wakunga wanaoufufua ujuzi huo, mama akiwa amepiga magoti. Kwetu hauwezi kuachwa, kwani upasuaji nao una deni lake: kovu la kizazi linaweza kupasuka katika uchungu wa mimba inayofuata, na mama wa Koboko huenda ana watoto wengine wa kuzaa, mbali na chumba cha upasuaji.

Serikali ya Uganda iliwapiga marufuku wakunga wa jadi mwaka 2010. Sababu naielewa: bibi asiye na dawa ya kuzuia damu wala kifaa cha kumpulizia mtoto pumzi hapaswi kuachiwa uzazi huu. Lakini ndiye anayejua nani ana mimba na ya miezi mingapi. Ningemtuma awasindikize kliniki mapema, si kumfukuza.

Mpango ambao Uingereza huandikwa na ofisi, kwetu utafanywa na ndugu. Kutoka Koboko hadi Arua ni kama kilomita 55, na hospitali ya rufaa iko mjini humo humo. Nyie wenye nyumba Arua Hill, mnaopokea wageni wa harusi na wa matanga, mpokeeni pia shemeji aliyeambiwa kichwa kiko juu, akae wiki zake za mwisho hapo. Na wewe mjamzito, wiki ya 36 ikifika, muulize mkunga: kichwa kiko wapi? Usiondoke hapo kabla hajakujibu.